Verediana na Jasho la Jumamosi

Wauzaji wa dagaa pale Kibirizi wanaujua mkono wa kulia wa Verediana kuliko wanavyoijua sura yake. Mpelekee gunia, hata kama wewe ni ndugu yake wa damu kutoka Simbo, hata kama umeapa kwa jina la mama yako, atapandisha mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, atauzamisha katikati ya gunia, kisha atautoa na konzi ya dagaa wa kule ndani ambako muuzaji hakutarajia mtu afike. Wa juu hawaangalii. Wa juu, anasema, wamevalishwa nguo za sikukuu. Hao wa katikati atawavunja kwa vidole asikie kama wamekauka kweli, au kama wamelazwa mahali penye unyevu ili waongeze uzito. Akiridhika atasema "Ego", ndiyo ya Kiha hiyo, na biashara imekwisha. Akisema "Oya", beba gunia lako uende, usijichoshe bure.

Watu wengi wana macho makali kwenye biashara zao, lakini wakitoka hapo wanameza kila wanachoambiwa. Mtu anayebonyeza nyanya moja moja sokoni ataambiwa na jirani kwamba maji ya baridi yanagandisha mafuta tumboni, na siku hiyohiyo anaukimbia mtungi. Verediana hakuumbwa hivyo. Mtu akimwambia "utafiti umeonyesha", yeye ana maswali matatu. Waliopimwa ni kina nani? Walilinganishwa na nani? Na huyo anayetuambia, anauza nini? Mtaani Gungu walimcheka sana kwa maswali hayo, wakambatiza jina la Mama Ushahidi. Baadaye, bila kukiri kwamba wamebadilika, wakaanza kumpelekea simu zao. "Hebu sikiliza hii, Mama Agape. Eti mkanda huu unakata tumbo umelala?" Agape ni binti yake wa kwanza, aliyeolewa Mwandiga. Verediana anasikiliza mpaka mwisho, anasikia namba ya kupiga ili uletewe mkanda, anarudisha simu. "Umeshasikia mwenyewe anauza nini," anasema, na anaendelea kuchambua dagaa wake.

Mume wake, Castory, ni seremala. Karakana yake iko kando ya nyumba yao, na nusu ya Gungu inalala kwenye vitanda vyake. Ni mtu mpana, mcheshi, mwenye tumbo linalomtangulia mlangoni. Baba yake naye alikuwa hivyo, mpaka asubuhi ile alipoanguka akiwa ameshika randa, na kiharusi kikamwachia nusu ya mdomo na nusu ya mwili. Castory alimlisha uji kwa kijiko kwa miaka mingi, akimfuta kidevu, na mzee alikuwa analia kwa aibu kabla bakuli halijafika nusu. Kwa hiyo siku ambayo Yunisi, nesi wa zahanati ya mtaani, alimfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akatazama na kukunja uso, Castory alirudi nyumbani bila kumtania mtu hata mmoja njiani. Presha ilikuwa juu. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi, apunguze mwili, afanye mazoezi. Jumamosi iliyofuata akajiunga na klabu ya Amka Gungu, na Verediana akajiunga naye, maana hakutaka mume wake akimbie akiwa na hofu ile peke yake.

Amka Gungu ni klabu ya jogingi. Wana fulana za njano, filimbi moja na nyimbo nyingi, na kila Jumamosi jua likichomoza wanateremka kutoka Gungu mpaka Ujiji na kurudi, wakiwapisha bodaboda na kuamsha waliolala. Kocha wao ni Ismaili, mzaliwa wa Ujiji, beki wa zamani wa timu ya mtaa, mwembamba kama ufito na mwenye roho nzuri kupita kiasi. Mtu akibaki nyuma, Ismaili anarudi kumfuata na kukimbia naye taratibu akimpigia soga. Hakuna anayemchukia Ismaili. Ndiyo maana somo lake liliingia kwa watu kirahisi.

Somo lenyewe lilikuwa la mawese. Ismaili aliwasimamisha ufukweni, mikono kiunoni. "Ndugu zangu, mawese mnayajua. Asubuhi ya baridi yanakuwaje?"

"Yanaganda!"

"Ukiyatoa juani?"

"Yanayeyuka!"

"Basi na tumbo ni hivyohivyo. Lipashe moto, mafuta yatashuka yenyewe."

Kwa nchi ambayo kila jiko lina dumu la mawese, nani angebisha? Watu wakaanza kujizungushia nailoni tumboni na kuvaa sweta juu yake, kwenye joto la ziwani. Maji njiani hayakunywewa, kwa sababu maji yangeuzima moto, na zaidi ya hapo kila mtu alijua kwamba anayekunywa maji akikimbia anapata kichomi. Siku moja Winfrida, muuza vitenge, alikaa chini ghafla kando ya barabara, macho yamemtoka, hajui yuko wapi. Walimfungua nailoni, wakammwagia maji, akazinduka. Watu wakasema mafuta yake ni mengi ndiyo maana yanagoma kutoka.

Mwanafunzi wa kwanza wa nailoni alikuwa Castory. Verediana aligundua hivyo mvua ilipotaka kunyesha akiwa na dagaa wameanikwa, akakunjua nailoni yake nyeusi ya kuwafunikia na kukuta imekatwa kipande kikubwa, kimenyooka, kazi ya mtu mwenye rula.

"Baba Agape, nailoni yangu imeliwa na panya gani?"

"Panya wa kilo tisini na ushee," alijibu Castory kutoka karakana, bila hata kutoa kichwa.

Verediana alicheka, kwa kweli. Ni vigumu kumkasirikia Castory. Na kila Jumamosi walipomaliza mbio, Castory alikuwa anafungua nailoni ile mbele ya watu, jasho linamwagika chini kama umemwaga kata ya maji, na klabu nzima inapiga makofi. "Hiyo ni presha inamwagika hiyo!" alikuwa anasema huku ameinua mikono juu. Verediana naye alipiga makofi. Alidhani ni utani wake wa kila siku.

Lakini jambo lenyewe lilimkera, kwa sababu kila siku ya Mungu lilikuwa linatokea mbele ya macho yake Kibirizi. Dagaa wanatoka ziwani wamejaa beseni. Unawaanika juani. Jioni unawakusanya, wamekuwa wepesi. Hakuna mjinga ufukweni pale anayesema dagaa wamekonda. Maji yametoka, basi, na ukiwalaza penye unyevu maji yanarudi na uzito unarudi, na hiyo ndiyo njia wanayotumia matapeli wote wa mwambao. Iweje watu walewale wanaokataa kuuziwa maji kwenye gunia wakubali kuuziwa maji kwenye tumbo? Jumamosi moja alimweleza Ismaili mbele ya wote.

Ismaili alisikiliza kwa adabu, akatabasamu. "Mama Agape, nakuheshimu. Lakini mtu si dagaa."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Verediana aliinama kidogo, akafikiri, na alichosema baada ya hapo ndicho kinachomfanya awe Verediana na si mtu mwingine. Mwingine angenuna, au angetafuta mfano mkali zaidi. Yeye alisema, "Kweli kocha, mtu si dagaa. Na tumbo si dumu la mawese. Mfano wako na mfano wangu yote ni maneno matamu tu. Tupime."

Wakapima Kibirizi, kwenye banda lake. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza ya magunia ya dagaa, imefungwa kwenye boriti. Verediana aliifungia gunia tupu na kamba, mtu akae ndani kama mtoto wa kliniki. Castory alipandishwa wa kwanza. Boriti ililia, miguu ikaning'inia, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu wakaziacha waje kuona. Akapimwa kabla ya mbio na baada ya mbio, na baada ya mbio mshale ulikuwa umerudi nyuma karibu kilo mbili. Kelele zilizopigwa hapo! Ismaili alipandisha nyusi tu. "Subirini," akasema Verediana. Akampa Castory maji, akampa chai na mihogo, akampa maji tena, akamrudisha kwenye gunia. Kilo zilikuwa zimerudi karibu zote.

"Aa, hapo hujatenda haki," Ismaili alisema. "Umemjaza maji, lazima apande. Hata mimi nikibeba ndoo napanda."

"Hapo umenishinda," akasema Verediana, na alimaanisha. Kipimo cha siku moja hakikuweza kutenganisha maji na mafuta. Ilibidi kupima kwa muda mrefu, na kupima vizuri.

Ndipo akaleta kikapu cha maharage. Alikuwa ameona kwamba waliokimbilia nailoni ndio haohao waliokuwa na hamu kuliko wengine, walioacha soda, waliokula ugali nusu. Hao wangepungua hata wangevaa gunia la mkaa. Ukiwalinganisha na wavivu wa nyuma, ni sawa na kulinganisha dagaa wa juu na dagaa wa chini ya gunia. Kwa hiyo asiwepo wa kuchagua. Kila mtu aingize mkono kikapuni bila kuangalia, atoe harage moja. Harage jekundu, nailoni. Jeupe, bila nailoni. Mbio zilezile kwa wote, na mizani kila Jumamosi kabla ya kukimbia, tumbo likiwa halijaingia kitu. "Na jambo moja kwa wakati mmoja," akawaonya. "Tukibadilisha mambo mawili kwa mpigo hatutajua lipi limefanya kazi." Juu ya hapo akaweka amri ambayo haikuwa ya majadiliano: kila mtu anakunywa maji njiani, mwekundu na mweupe, na mwenye nailoni akisikia kizunguzungu anaivua palepale. Winfrida alikuwa amemtosha.

Castory alitoa jekundu, akalibusu. Ismaili alitoa jeupe, akashika kichwa kama mtu aliyekosa penalti. Lakini alikubali, na Jumamosi zote zile za masika, kwenye matope na manyunyu, alikimbia tumbo wazi mbele ya wanafunzi wake waliokuwa wanachuruzika. Hiyo nayo ni sifa, na Verediana huwa hakosi kuitaja.

Masika yalipokatika, klabu ikakusanyika kwenye banda kusikiliza majibu. Verediana hakuwa na sherehe. Alisema kwamba katika wekundu kuna waliopungua, kuna waliobaki palepale, na wawili wameongezeka. Katika weupe ni hivyohivyo. Ukiwaweka wote wa upande huu na wote wa upande ule, huoni tofauti ya kushika mkononi. Nailoni haikuwa imeyeyusha kitu. Kichomi kiliwapata wachache pande zote mbili, na wengi walikunywa maji wakakimbia salama. Kisha akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Liko lingine, na hili silipendi, lakini nalisema. Mimi mwenyewe nilidhani mbio zitatukondesha wote. Hazikutukondesha. Wengi wetu tumepungua kidogo sana, na waliopungua vya kuonekana wanasema wamebadilisha na sahani. Mbio zinasaidia mengine. Winfrida sasa anapanda mlima bila kusimama, na mimi nalala vizuri. Lakini kukonda kwa mbio peke yake, kwa tulivyojiona sisi, ni kidogo. Na sisi ni watu wachache, tena wa Gungu tu, kwa hiyo msiende kutangaza mpaka Kasulu."

Ismaili akapita mbele. Watu wakadhani anakwenda kubisha, maana klabu ni yake na somo ni lake. Akatoa mfukoni kipande cha nailoni ambacho alikuwa anakitunza kwa siku atakayoruhusiwa kukivaa, akakiweka kwenye pipa la taka. "Nimewafunga watu kwenye nailoni kama muwa wa kuuza," akasema. "Mnisamehe. Toka leo tunakimbia na chupa za maji." Winfrida ndiye aliyeanza kupiga makofi, na safari hii makofi hayakuwa ya jasho.

Castory peke yake hakupiga. Verediana alimwona amekaa kwenye gunia, anatazama maji ya ziwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakutania mtu. Walipofika karakana alishika kipande cha mninga, akakiweka chini.

"Kwa hiyo presha haikuwa inamwagika," akasema.

"Baba Agape, si ulikuwa unatania?"

Castory aliendelea kukitazama kile kipande cha mninga.

"Vidonge unameza?"

"Niliacha," akasema Castory. "Nilivyotoa lile harage jekundu. Nilijisemea, kama jasho linatoa, mzigo wa dawa wa nini? Yule baba yangu, Mama Agape, aliishi kwa vidonge. Kila nikimeza namwona. Nikasema nitasubiri majibu yako. Wewe hukosei."

Verediana alikaa kwenye kitanda ambacho hakijapigwa msasa. Aliziona Jumamosi zote zile za masika zimepangana: yeye anamfunga mume wake kwenye mizani, anasoma mshale, anafurahi jinsi kipimo kinavyokwenda vizuri, na huyu mtu anatembea na presha yake mwilini bila dawa, anamsubiri yeye. Aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu Agape alipougua degedege akiwa mchanga. Na juu ya hofu akapandwa na hasira, akataka kumpiga na kile kipande cha mninga, na hapohapo akataka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama akasema, "Vaa shati. Twende kwa Yunisi."

Nesi Yunisi alipima mara moja, akamwambia apumzike, akapima tena. Presha ilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Hakumkaripia. Yunisi ni mama mtu mzima aliyekwishaona wengi, akajua kwamba aliyekaa mbele yake ameshakaripiwa na mashine.

"Baba, mazoezi usiache," alisema. "Mazoezi yanashusha presha, hilo limepimwa, si uzushi. Lakini yanashusha kidogo, na yako imepanda sana. Mbio haziwezi kushika kazi ya vidonge. Unahitaji vyote."

Castory alipokwenda nyuma ya pazia kuvaa shati, Verediana akasogeza kiti. "Nesi, usinielewe vibaya. Hivi vidonge, waliopimwa ni kina nani?"

Yunisi alicheka, maana sifa za Mama Ushahidi zilikuwa zimefika zahanati zamani. Kisha akamweleza. Walikuwa maelfu, nchi mbalimbali, wanaume kwa wanawake. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawa wakapewa kidonge cha kweli, hawa wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani, na mgonjwa mwenyewe hakujua amepewa kipi. Wakafuatwa kwa miaka. Verediana aliitikia kwa kichwa taratibu, akisikia kazi yake ya kikapu imefanywa na watu wengine, kwa ukubwa ambao yeye asingeuweza. Akauliza waliopewa kile kisicho na dawa iliwatokea nini. Yunisi akamwambia. Baada ya hapo Verediana hakuuliza tena, hata lile swali la nani anauza hakulitoa.

Walirudi nyumbani na vidonge vipya, na Castory, njia nzima, alikuwa anafikiri. Walipoingia karakana alikuwa amekwisha kuchangamka. Alikaa juu ya kitanda, akapiga paja.

"Mama Agape, umesikia? Amesema mazoezi yanashusha. Sasa wewe mwenyewe umetufundisha, jambo moja kwa wakati mmoja. Nailoni tumeshaitoa. Tufanye hivi: nikimbie bila nailoni, bila vidonge, mpaka masika mengine, unipime. Nikianza kumeza leo na kukimbia leo, presha ikishuka tutajuaje ni kipi kimeishusha? Utakuwa umechanganya."

Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemletea mkewe zawadi, na kwa namna fulani ilikuwa zawadi, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwelewa vizuri kuliko hivyo. Kila neno lilikuwa la mkewe mwenyewe. Verediana alitafuta kosa kwenye maneno yale asilione. Ni kweli wasingejua. Kwa kipimo chake mwenyewe, Castory alikuwa sahihi.

Hapo angeweza kumdanganya. Angeweza kusema nesi amemwita pembeni akamwambia una wiki moja ya kuishi, na Castory angemeza vidonge mpaka na karatasi yake. Wazo hilo lilimjia, likakaa kidogo, akalifukuza. Mtu aliyemwamini kiasi cha kuacha dawa hakustahili kuongopewa na huyohuyo.

"Ni kweli," akasema. "Hatutajua."

"Ehee!"

"Na mimi sitaki kujua." Akamsogelea pale alipokaa. "Nisikilize, Baba Agape. Nailoni ningeipima miaka kumi. Ningekosea, ungepoteza nini? Jasho. Lakini kuna vitu siwezi kuvipima kwako. Ukianguka, nitakuwa nimejua, halafu iweje? Nani atakaa hapo kwenye kitanda nimwambie nilichojua? Oya. Wewe si gunia langu."

Castory alipangusa vumbi la mbao kwenye goti.

"Tena kipimo unachokitaka kimeshafanyika," akaendelea. "Yunisi amenieleza ukiwa unavaa shati. Kikapu walishakizungusha, kwa watu wengi kuliko Gungu na Ujiji zikiunganishwa. Hawa walipata dawa. Hawa walipata kidonge kitupu. Na wa kidonge kitupu ndio walioanguka zaidi. Kiharusi, Baba Agape. Kilekile."

Karakana ilikuwa na mwanga wa mchana na harufu ya mbao mbichi. Castory aliangalia mikono yake, akaigeuza, kama anayetafuta kibanzi.

"Hao wa kidonge kitupu," akauliza, "walijua?"

"Hawakujua."

"Walidhani wanameza dawa."

"Ego. Walikubali kuingia kikapuni, ila hawakujua wametoa harage gani."

"Na walioanguka, ni kina nani?"

"Sijui. Hapa kwetu hakuna anayejua majina yao." Alisita. "Walikuwa baba za watu."

Castory akavua kofia yake ya kazi, akafanya ishara ya msalaba, vumbi la mbao likabaki kwenye paji la uso. "Mungu awapumzishe," akasema, na akanyoosha kiganja apewe kidonge.